Wanangu Mnaohamia Mjini, Pimeni Njia Kabla ya Sebule

Wanangu,

Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Juzi mpwa wangu, aliyepata kazi kwenye jiji kubwa, alinitumia picha za nyumba aliyopanga. Sebule pana, vigae vinang'aa, dirisha refu kama mlango. Nikampongeza, kisha nikamuuliza: "Kazini ni mwendo wa muda gani?" Akajibu, "Si mbali, mjomba, kilomita 25 tu."

Kilomita! Nimefundisha hesabu miaka 31 na bado mtoto wa dada yangu ananitajia kilomita. Jiji kubwa hupimwa kwa saa. Kilomita 25 Jumapili alfajiri ni nusu saa. Jumatatu asubuhi, barabara ile ile, ni saa 2 nzima. Naye alipelekwa kuiona nyumba Jumapili, ndani ya gari la dalali.

Haya, shika kalamu. Saa 2 kwenda na saa 2 kurudi ni saa 4 kwa siku. Siku 5 kwa wiki, wiki 48 kwa mwaka: saa 960. Gawanya kwa 24. Siku 40, usiku na mchana, umesimama umeshika bomba la basi. Siku za mwizi ni arobaini, wanasema, lakini mwizi huyu akimaliza arobaini zake anaanza mwaka mwingine.

Simcheki. Nilipokuwa na umri wake nilipanga mbali kwa kuwa kodi ilikuwa ndogo, nikajiona mjanja kuliko wenzangu wote. Nauli ikala kile nilichodhani nimekiokoa. Mwaka mzima nilimjua mwanangu kwa nyayo tu, maana ndizo zilizochungulia nje ya shuka nilipotoka na niliporudi. Mama yake ndiye aliyeniambia kwamba ameanza kusema.

Mwaka 1994 mwanafizikia Mwitalia, Cesare Marchetti, aliandika kwamba tangu zama za kutembea kwa miguu binadamu wamekuwa wakitumia takriban saa 1 kwa siku kwenda na kurudi. Vyombo vikiongezeka kasi, hatubaki na muda zaidi nyumbani. Tunahamia mbali zaidi. Sasa wewe unayetumia saa 4, ujue mwili wako unadaiwa deni ambalo mababu zako hawakulijua.

Kwa hiyo usilipe kodi ya nyumba ya kudumu siku unayofika. Jibanze kwanza kwa ndugu, au panga chumba cha muda mfupi. Kisha safiri ile njia mwenyewe, siku ya kazi, saa yako ya kazi, kwa chombo utakachokitumia kweli, kwenda na kurudi, maana jioni ina foleni yake na mvua ina foleni yake. Unapolinganisha nyumba mbili, jumlisha kodi na nauli. Ile yenye chumba kimoja karibu na kituo mara nyingi huishinda ile yenye vitatu.

Mengine mnayajua, nayataja tu. Fungua bomba, usiulize kama maji yanatoka. Rudi usiku usikilize mtaa. Kagua ukuta karibu na sakafu. Rangi mpya iliyoishia magotini huficha alama ya mafuriko. Muulize mpangaji anayehama kwa nini anahama. Piga picha kila ufa siku ya kukabidhiwa ufunguo. Amana bila risiti ni sadaka. Na usimtumie pesa mtu ambaye hajakufungulia mlango.

Lakini nasi wazee tuna sehemu yetu katika kosa hili. Mtoto akituma picha tunauliza sebule ina ukubwa gani, hatuulizi anafika nyumbani saa ngapi. Na wanaopanga miji hawana aibu: ofisi wanazirundika katikati, nyumba za watu wa kipato kidogo wanazisukuma pembeni ambako ardhi ni rahisi, kisha barabara inafuata baada ya miaka mingi. Anayelipa tofauti ile ni mfagiaji anayeamka usiku wa manane ili ofisi ikute sakafu imekauka. Wapo pia wenye nyumba wanaomkataa mama kwa sababu ana watoto wawili, halafu wanalalamika vijana hawana maadili. Niishie hapo, shinikizo la damu linanisumbua.

Wanangu, nawapenda, ndiyo maana nafoka. Jana usiku nilimpigia mpwa wangu, akapokea akiwa bado kwenye foleni. Mkataba wake una miezi 9 mbele. Ameniambia, kwa furaha kabisa, kwamba amenunua mto wa shingo.

Mjomba wenu,
Mwalimu mstaafu