Kaka, asilimia 60 haikumaanisha Mama mzima

Kaka yangu,

Shikamoo. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nakuandikia hapa, na wengine wasome.

Kikao kile bado kinanichoma. Ulichukua majibu ya eko ya Mama, kile kipimo cha picha ya moyo, ukavaa miwani, ukasoma kwa sauti: "Moyo unasukuma asilimia 60." Ukaikunja karatasi, ukasema Mama anadeka, mbona Shangazi ana ugonjwa huohuo wa moyo na ngazi anapanda. Mama alikuwa palepale kitini, miguu imevimba, soksi zimemwachia mfereji juu ya vifundo. Hakukujibu. Pumzi ya kujibu angeitoa wapi?

Moyo kusukuma nje asilimia 50 kwenda juu ya damu iliyoujaa, kwa kila pigo, ni kawaida, hapo sikubishii. Lakini moyo sharti pia ulegee ujae. Wa Mama ulikuwa umekakamaa. Shinikizo likarudi nyuma mpaka kwenye mapafu, akawa anatweta kwa hatua chache tu. Karibu nusu ya watu ambao moyo umeshindwa kufanya kazi yake sawasawa wana hali hiyo ya kusukuma vizuri, na hawafanani. Shangazi ana uzito mkubwa, kisukari na presha ya siku nyingi. Amepungua, anameza moja ya zile dawa zilizoanza kama za kisukari, ambazo mwaka 2021 na 2022 zilithibitika kupunguza kulazwa kwa wagonjwa wa namna yake, na nafuu anaiona. Namwombea azidi kupona. Ila Mama hakuwa Shangazi.

Mama alikuwa mwembamba. Presha yake ilikuwa imeshuka yenyewe, na dawa za presha ulizong'ang'ania apewe, eti kwa kuwa Shangazi anazitumia, zilimtia kizunguzungu mpaka akaanguka bafuni. Na ile ganzi ya vidole iliyomfanya apasuliwe viganja vyote viwili miaka ya nyuma, nani aliikumbuka? Mimi ndiye niliyemtajia daktari, ndipo ikajulikana: amiloidosisi, protini iliyojikunja vibaya na kujazana kwenye msuli wa moyo, na hata kwenye kiwiko cha kiganja, inakobana neva na kuleta ganzi. Dawa ya kuipunguza kasi ipo, lakini kilichoharibika hairudishi, ilitaka kuwahiwa. Nilisema mapema kwamba apimwe zaidi. Mchango wa vipimo ulizuiliwa na nani, Kaka?

Sisemi haya kukukomoa. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni nilipokuwa siwezi kutembea, na hilo sitalisahau. Ndiyo maana nilishtuka kwenye msiba wa Mama nilipokuona unakung'uta mikono, unalalamika kwamba usiku inakufa ganzi. Huenda si kitu. Lakini ipo aina ya ugonjwa huu inayorithiwa. Nenda kamwone daktari wa moyo, mweleze habari za Mama na za mikono yako, uombe na kipimo cha vinasaba. Wakikuambia moyo unasukuma vizuri, usiondoke. Waulize kama unalegea. Mimi nimeshapima, na nitakusindikiza ukitaka.

Kisha waite wale wote waliokuwa kikaoni, uwaambie Mama hakuwa akideka. Uliyasema mbele yao.

Mdogo wako.