Barua kwa Wanangu Mnaosema Mmekauka Ubunifu

Wanangu mnaolea,

Marahaba. Kila mnaponiamkia, salamu ikiisha hufuata lalamiko lile lile: zamani nilikuwa nachora, zamani nilikuwa nadarizi, zamani sikutoka bila kamera, lakini tangu nizae nimekauka. Mmoja wenu kaniambia anasubiri kitinda mimba aanze shule, ndipo arudie mambo yake. Nilicheka, halafu nikasikitika, maana na mimi nilisubiri hivyo hivyo. Nilipochoka kusubiri nilikuwa tayari na mvi.

Sina dawa ya muda. Muda hautaongezeka. Ninachojua ni kwamba mnautafuta ubunifu mahali ambapo haupo. Mnadhani uko nje ya mlango, baada ya vyombo kuoshwa na watoto kulala, wakati wenyewe umekaa palepale penye vyombo na watoto. Mikono inayokunja nguo, kisogo kilichoinamia daftari, kiatu kimoja kilichoachwa kizingitini: haya ndiyo mliyokuwa mkiyafukuzia mlipokuwa mkizurura na kamera begani.

Msidhani nawabembeleza. Negativu, yaani ile picha ya awali ambayo penye mwanga huwa peusi na penye giza huwa peupe, iliyo ya kale kuliko zote zilizosalia duniani ilitengenezwa Agosti 1835 na Mwingereza William Henry Fox Talbot, na alichokipiga kilikuwa dirisha la nyumbani kwake, Lacock Abbey. Dirisha tu. Negativu yenyewe inakaribia udogo wa stempu ya barua. Vile vikasha vya mbao alivyovitumia kama kamera, mkewe Constance aliviita mitego ya panya, na kwa neno hilo moja nampenda mama yule, maana nami nimeishi na mtu wa vikorokoro.

Au mtazameni Julia Margaret Cameron, mpiga picha wa Uingereza. Kamera yake ya kwanza alipewa na binti yake na mkwewe mwishoni mwa 1863, yeye akiwa na miaka 48 na nyumba iliyojaa watu. Hakungoja ajengewe studio. Stoo ya makaa ya mawe aliigeuza chumba cha giza cha kusafishia picha, na banda la kuku lenye vioo likawa mahali pa kupigia picha. Waliokaa mbele ya lenzi yake ni pamoja na wajakazi wa nyumba, wapwa na watoto wa majirani. Picha zake nyingi zina ukungu, na wakosoaji wa siku zile walimdhihaki kwa ukungu huo. Leo zinatunzwa katika makumbusho makubwa. Kumbukeni hilo siku mtakapotaka kufuta picha kwa sababu tu mtoto alitikisika.

Sasa niwaambie kosa langu. Miaka mingi nilipiga picha za sherehe peke yake. Filamu moja ilikuwa na picha 36, na kusafisha kulikuwa na gharama zake, basi kamera ilitoka kabatini siku ya shughuli tu. Wafupi mbele, warefu nyuma, nguo za kutokea, hakuna anayepumua. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa hodari wa viraka. Alikaa dirishani na mabaki ya nguo zetu sote akayaunga mpaka yakawa shuka. Ninazo picha zake kumi na moja, na katika zote amesimama wima kama askari, mikono imejificha nyuma ya wajukuu. Mikono yake sina. Juzi mjukuu aliniuliza bibi yule alishikaje sindano. Nilimwonyesha kwa kukisia.

Ninyi hamhesabu filamu, na bado naona mnarudia yale yale: keki, mishumaa, wote tazameni hapa. Pigeni siku ambazo hakuna kinachotokea.

Namna ya kufanya si ngumu. Zimeni ile taa ya kamera, maana inaupiga uso na kuufanya bapa kama sahani. Tumieni dirisha, na liwe ubavuni mwa mtoto, si nyuma yake, ili upande mmoja upate mwanga na mwingine kivuli. Mtoto msimsogeze, sogeeni ninyi. Chuchumaeni mpaka lenzi ifike usawa wa macho yake, kwani picha nyingi za watoto ni picha za utosi. Wala msimwite. Akiitwa tu, anavaa ule uso wa kupigwa picha na jambo lenyewe limekwisha. Pigeni vidole vyenye gundi, ulimi uliotoka pembeni kwa bidii ya kukata mstari, uzi uliokataa kuingia tunduni. Picha tatu, kisha simu iwekwe chini na nanyi mshike mkasi. Mtoto hawezi kutofautisha mama anayempiga picha na mama anayesoma ujumbe. Kwake yote ni mgongo wa simu.

Ndiyo, mshike mkasi. Picha peke yake haitoshi, kwa sababu kutazama bila kugusa kunamwacha mtu pembeni ya maisha yake mwenyewe. Chapisheni chache na mzifanyie kitu. Karatasi moja tu inatoa kijitabu: ikunjeni mara tatu mpate vyumba vinane, ifungueni, pasueni mkunjo mrefu wa katikati, pale tu unapopita kati ya vyumba vinne vya ndani, kisha ikunjeni kwa urefu na kuisukuma kutoka ncha mbili mpaka ijifunge yenyewe. Hakuna gundi wala uzi, na kurasa nane zinangoja picha na maneno ya mtoto. Mkitumia karatasi nzito, jaribuni kwanza kuichana pembeni. Upande mmoja itachanika kwa mstari ulionyooka, upande mwingine itachanika ovyo. Ule mnyoofu ndiko nyuzi za karatasi zinakoelekea, na mikunjo ikienda sambamba nazo haitapasuka. Mgongo wa kijiko unatosha kukaza mkunjo.

Kama mnataka furaha kubwa zaidi, fanyeni picha bila kamera. Mwaka 1842 mwanasayansi Mwingereza John Herschel aligundua chapa ya buluu, inayotokana na chumvi za chuma na mwanga wa jua. Mwaka uliofuata mwanabotania Anna Atkins alianza kutoa kitabu cha mwani kilichotengenezwa kwa njia hiyo. Alilaza mmea juu ya karatasi iliyopakwa dawa, akaianika juani, akaiosha kwa maji, na kivuli cha mmea kikabaki cheupe katikati ya buluu. Kitabu hicho huhesabiwa kuwa cha kwanza duniani kuwa na picha za fotografia. Karatasi zilizokwisha kupakwa dawa zinauzwa siku hizi, nazo ndizo za watoto. Kuchanganya dawa ni kazi ya mtu mzima mwenye glavu. Lazeni juu yake jani, unyoya, kipande cha lesi, hata mkono wa mtoto akiweza kutulia. Hawezi. Nimejaribu na watatu, na wote wametoka na vidole saba. Lakini jueni kwamba rangi ile inapotokea ndani ya maji, ikikolea mbele ya macho yao, nyumba nzima hunyamaza, mimi nikiwemo.

Na hapa niwaonye kwa ukali. Kazi ya mtoto msiirekebishe. Binti yangu alipokuwa na miaka saba alidarizi kitambaa, mishono ikawa mirefu na mifupi kama meno ya mzee. Usiku nikaifumua na kuishona upya, nikidhani namsaidia. Asubuhi aliitambua mara moja. Hakunikaripia, alirudisha sindano kwenye kopo, na hakuigusa tena kwa miaka miwili. Kitambaa kile kizuri ninacho mpaka leo na sikipendi. Mkiona gundi imevuja, ivuje. Mkitaka kushona vizuri, shoneni cha kwenu, mbele yake, na mumwache aone nanyi mkikosea na kufumua.

Machache ya kutunza. Picha iliyo kwenye simu peke yake ihesabuni kuwa imeshapotea. Ziwekeni mahali pawili zaidi, na pamojawapo pasiwe nyumbani. Albamu zile zenye kurasa za kunata ziepukeni, maana gundi yake imenilia picha za miaka kadhaa zikawa njano. Na kabla ya kumweka mtoto mbele ya watu msiowajua, muulizeni. Hata wa miaka mitano anajua kusema hapana, na hapana yake iheshimiwe.

Nyuma ya kila picha mnayochapisha andikeni, kwa penseli laini kwani kalamu huchora mpaka upande wa pili. Jina na mwaka mnaandika tayari. Ongezeni alichokuwa anakifanya na aliyepiga. Kwenye albamu zetu kuna kipindi cha miaka tisa ambamo mimi simo kabisa, utadhani watoto walijilea. Nilikuwa nyuma ya kamera. Kwa hiyo wapeni watoto simu wawapige na ninyi, mkiwa na nywele ambazo hazijachanwa na mdomoni pini za kushonea. Watakata vichwa, watapiga dari. Mimi ninayo moja aliyoipiga mjukuu wa miaka minne: magoti yangu, mpira wa sufu, na mkono wangu wa kushoto ukivuta uzi. Nyuma yake nimeandika: anafuma soksi, ya pili.

Ni mimi bibi yenu.