YAH: Malalamiko kuhusu mpira wa mifuniko yenu na majibu niliyopewa kaunta

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Salamu. Naandika kwa heshima, ingawa heshima hiyo ofisini kwenu sikuiona.

Masharti yenu ya kurudisha bidhaa mnayajua, sitawasomea. Nilileta chombo cha kuhifadhia chakula, risiti na mfuniko ambao mpira wake wa kuzibia umekakamaa na kusinyaa hadi haushiki tena. Kijana wenu wa kaunta akaufungua mbele ya foleni, akaunusa, akasema kwa sauti: "Mama, plastiki haiingii kwenye chakula. Labda chakula chako ndicho kilichochacha." Watu wakacheka.

Plastiki haiingii kwenye chakula! Wanaosema hivyo ndio wanaotengeneza vyombo vya chakula. Chombo chenyewe kina namba 5, yaani alama ya plastiki iitwayo polipropilini, na sina ugomvi nacho. Mpira ndio hauna alama yoyote. Kama ni PVC, aina nyingine ya plastiki, basi umelainishwa kwa kemikali zilizochanganywa tu humo bila kushikamana nayo, huenda za jamii ya ftalati. Mafuta huzivuta, na yakiwa ya moto huzivuta zaidi. Chakula kikikaa muda mrefu, kinakusanya nyingi zaidi. Zikishatoka, PVC hubaki ngumu na kusinyaa. Sasa nielezeni: ulaini wa mpira wangu umekwenda wapi, kama si kwenye chakula tulichokula nyumbani? DEHP, mojawapo ya ftalati hizo, Umoja wa Ulaya umeiweka kwenye orodha ya sumu kwa uzazi. Sisemi ndiyo iliyomo. Nasema nimewauliza, na swali hilo hamkulijibu.

Maana nilishawaandikia barua pepe kabla ya kuja, kuuliza kilichomo kwenye mpira huo. Mkajibu kwamba bidhaa zenu "hazina BPA". Nani aliuliza BPA, kemikali ya kutengenezea plastiki za aina nyingine? Polipropilini haitengenezwi kwa BPA; kujisifu hivyo ni sawa na kusifu maji kwamba hayana mifupa. Nilipong'ang'ania, mkatuma karatasi ya vipimo, mkidhani sitaisoma. Nimeisoma. Mmepima kwa maji na kwa asidi asetiki ya asilimia 3. Mafuta hayamo. Kanuni ya Ulaya Namba 10/2011, ambayo ninyi wenyewe mmeichapisha kwenye lebo, imetaja mafuta ya mimea kuwa ndiyo ya kupimia plastiki itakayogusa vyakula vya mafuta, na jumla ya kinachohama kutoka kwenye plastiki isizidi miligramu 10 kwa kila desimita ya mraba. Mfuniko wenu umeandikwa "salama kwa chakula cha moto", haukuandikwa "salama kwa maji".

Nayo karatasi hiyo nilikuwa nayo mkononi siku ile pale kaunta! Nilimwonyesha kijana yule, hakuitazama hata mstari mmoja. Aliunyanyua mfuniko wangu juu kama kitu cha kuchekesha, akawageukia waliokuwa nyuma yangu: "Kuna mwingine hapa anayenusa plastiki?" Ndipo akaniambia hilo la chakula kuchacha. Nikaomba msimamizi. Msimamizi alikuwa amesimama hapo hapo tangu mwanzo, naye alikuwa anacheka. Hakuna aliyeandika jina langu wala lalamiko langu. Mfuniko nikasukumiwa kwa ncha ya kidole, kana kwamba ni mimi niliyeuchafua.

Nilikuja kutaka mfuniko mwingine tu. Leo siutaki. Nataka fedha zangu zote, maelezo ya maandishi mpira ule umetengenezwa kwa kitu gani, na majibu ya vipimo vilivyofanywa kwa mafuta, katika joto mnaloliruhusu kwenye lebo. Kama vipimo hivyo hamna, ondoeni maneno "chakula cha moto" kwenye mifuniko iliyobaki sokoni. Na kijana yule pamoja na msimamizi wake waniombe radhi kwa barua yenye majina yao.

Nawapa siku 14. Zikipita, napeleka lalamiko kwa mamlaka ya usalama wa chakula na kwa watetezi wa walaji, nikiambatanisha karatasi yenu ya vipimo vya maji. Mfuniko nao utakwenda maabara isiyo yenu, na majibu yatakayotoka nitayaweka hadharani pamoja na barua hii. Wakati huo msinipigie simu kunirudishia fedha. Tutakuwa tunadaiana mengine. Mfuniko ninao mimi, na haurudi kaunta kwenu.

Wenu,
Mteja mliyemcheka