Boti inazima ukifika maji mapana? Kabla hujalaumu injini angalia tangi

Majani yakianza kubadilika rangi huku Virginia, simu zinaanza kwetu sisi tunaosafisha matangi ya mafuta ya boti, na malalamiko karibu yote yanafanana: boti ilikuwa inatembea vizuri tu mtoni kiangazi kizima, mwenyewe kaamua kwenda Florida kukwepa baridi, katoka Norfolk asubuhi mambo safi, alafu kafika kwenye maji mapana mawimbi yakaanza kupiga, injini ikapoteza nguvu, ikakohoa, ikazima. Akiiacha nusu saa inawaka tena utadhani haikuwa na kitu. Sasa hapo kila mtu anakuwa fundi, huyu anasema ni nozeli, yule anasema ni pampu, hela zinatoka na boti bado inazima, kumbe uchafu uko chini ya tangi umekaa miaka.

Iko hivi. Boti nyingi hizi za mitumba hazitembei sana, zinafungwa gatini miezi na miezi tangi likiwa nusu, na hewa yenye unyevu inaingia humo, usiku ukipoa ule unyevu unageuka maji na yanateremka chini kwa sababu maji ni mazito kuliko dizeli. Mengine yanapita kwenye mfuniko wa kujazia mafuta pale sitaha kama mpira wake umekwisha. Basi pale maji na dizeli vinapokutana wanaota vijidudu wanaokula dizeli yenyewe na wanatengeneza utando mweusi unaoteleza kama bamia. Boti ikiwa imetulia huo utando unakaa chini hausumbui mtu, ndio maana kiangazi chote hukuona shida, lakini siku boti imetikiswa kweli kweli unanyanyuka wote kwa pamoja, unavutwa kwenye filta, filta inaziba. Injini ikizima mvuto unakatika, uchafu unaachia kidogo, ndio hiyo inawaka tena ikudanganye.

Na njia yenyewe ndio inafanya shida ijitokeze pabaya. Njia ya ndani, hii wanayoiita ICW (Intracoastal Waterway), yaani mito, mifereji na maji ya ndani yanayofuata pwani, maili yake ya 0 iko hapa hapa kwenye mto Elizabeth kati ya Norfolk na Portsmouth, na mpaka Miami ni kama maili 1,090. Mwanzo ni raha tupu, unachagua kupita Great Bridge ambako kuna loku moja (malango ya kupandisha au kushusha boti kwa maji), au unapita mfereji wa Dismal Swamp wenye maji ya kahawia na miti pande zote mbili (ule ulichimbwa na watumwa, ukafunguliwa 1805, mimi nikipita pale huwa sipigi kelele). Kote huko maji yametulia. Alafu njia zote mbili zinakutokeza Albemarle Sound, maji mapana lakini kina kidogo, na upepo ukivuma hapo mawimbi yanakuwa mafupi, yamesimama, yanafuatana bila kukupa nafasi. Yani tangi lako linakorogwa kwa mara ya kwanza mwaka mzima mahali ambapo huna pa kujificha.

Watu wanapenda dawa ya chupa. Wanamimina ile ya kuua vijidudu siku mbili kabla ya safari na wanajisikia wamemaliza kazi, na dawa inaua kweli, sibishi, lakini waliokufa hawapotei, wanaanguka chini wanaongeza uchafu, kwa hiyo unaweza ukaziba filta vibaya kuliko ambaye hakuweka kitu. Dawa ni ya kulinda tangi ambalo tayari ni safi.

Sisi tunachofanya tunakuja na pampu na mafilta yetu mpaka gatini, tunavuta dizeli kutoka chini kabisa ya tangi tunaipitisha kwenye filta na kuirudisha kwa nguvu ili ikoroge uchafu, tunazungusha hivyo mpaka inatoka ang'avu. Hiyo inatosha kama tangi halijachafuka sana. Kama utando umeshika kwenye kuta kuzungusha peke yake hakusaidii, nitakwambia wazi wala sitachukua hela yako kwa kazi nusu, hapo ni kutoa mafuta yote, kufungua dirisha la tangi na kusugua kwa mkono, na kama halina dirisha tunalikata tunaweka. Tukimaliza tunaangalia mpira wa mfuniko, maana ukiacha huo tutaonana tena mwakani.

Jambo lingine ambalo nawasisitiza watu ni filta mbili za kwanza, zile dizeli inapita kabla ya kufika kwenye injini, zilizokaa pamoja na koki katikati, moja ikiziba unageuza koki unaendelea na safari huku unabadilisha ile nyingine, hushuki chini kwenye injini ya moto boti ikiwa inayumba. Na saa ndogo ya kupima mvuto, ukiona mshale unapanda taratibu siku hadi siku ujue filta inajaa. Kwenye filta hizo za kwanza weka maikroni 30 au 10 (ukubwa wa matundu yake), ile nyembamba ya 2 usiweke hapo kama tangi huliamini, itaziba haraka sana. Beba spea nyingi kuliko unavyodhani. Na kabla ya kuondoka jifunze kutoa upepo kwenye injini yako wewe mwenyewe, gatini, mikono ikiwa imetulia, kwa sababu ukibadilisha filta vibaya hewa inaingia na injini haiwaki hata kama dizeli ni safi kama maji ya kunywa.

Wateja wetu waliokulia Lamu na Mombasa na Unguja huniuliza, kwani lazima tupite huko ndani kwenye matope, si tutoke nje tushuke na kaskazi kama kule nyumbani? Nawaelewa, lakini hapa nje ya Cape Hatteras kuna mkondo mkubwa wa Gulf Stream unapanda kaskazini, na upepo wa kaskazini ukiupinga bahari inachafuka vibaya sana, meli nyingi mno zimelala pale chini. Kwa boti ya injini inayokwenda noti 7 au 8 piteni ndani, wenye boti kubwa za mbio na hali nzuri ya hewa watajua wenyewe.

Ndani nako kuna mambo yake, ila haya mtu wa pwani hayamsumbui akishaambiwa. Kwenda kusini maboya mekundu yanakuwa kulia kwako. Madaraja ya kufunguka unayaita kwa redio chaneli 13 Virginia na North Carolina, kuanzia South Carolina kushuka chini ni chaneli 9. Georgia maji yanajaa na kupwa futi 7 mpaka 9, sasa sehemu kama Little Mud River na Hell Gate usipite maji yanapokupwa, subiri yaanze kujaa upite, ukipanda fungu maji yakija yatakunyanyua, lakini ukipanda yakiwa yanatoka ndio umepwelewa hivyo, kaa upike chai. Na vyelezo vya mitego ya kaa viko kila mahali, kamba ikijisokota kwenye propela mtu aingie majini, na Novemba maji hayo sio ya Nungwi.

Kuhusu tarehe, soma karatasi za bima yako kabla hujapanga chochote, bima nyingi hazitaki boti ishuke kusini ya mstari fulani kwenye ramani kabla ya 1 Novemba kwa ajili ya vimbunga, kwa hiyo watu wote wanataka kuondoka wiki ile ile na wote wanataka tangi lisafishwe wiki kabla ya hapo. Njooni Septemba. Oktoba mwishoni nitawapa foleni tu.

Na tafadhali usijaze mafuta kabla ya kutuita. Tangi likiwa robo ndio tunalisafisha vizuri, likiwa limejaa uchafu wa chini hatuufikii, na kama itabidi tuyatoe mafuta yote utatulipa kubeba magaloni ambayo umenunua jana. Safisha kwanza, jaza siku ya kuondoka.