Mashine za kiwandani zilianza kuongea na kompyuta kabla ya intaneti

Mhariri, salaam. Ile makala yenu ya viwanda vya kisasa, ambako mfanyakazi anagusa kadi kwenye kifaa na bosi ofisini anaona hapo hapo kazi imefika wapi, nimeisoma yote na ni nzuri, ila pale mlipoandika kwamba jambo hili limeletwa na intaneti hapana jamani, hapo mmetupiga changa la macho. Mimi ni fundi umeme mstaafu, mambo ya nyaya za kiwandani nimeyafuatilia na nimeyasoma miaka mingi, na naomba nafasi kidogo niwaeleze hawa vijana ilikuwaje.

Mwaka 1959 kampuni ya kompyuta ya IBM kule Marekani ilitoa mfumo wao wa 357, wa kukusanya habari za kazi kiwandani. Kituo kinawekwa pale pale kwenye mashine, mfanyakazi anachomeka beji yake ya plastiki yenye matundu, anachomeka na kadi ya kazi iliyotobolewa tayari (matundu ndiyo yanayobeba herufi na namba), halafu idadi ya vitu alivyotengeneza anaiweka mwenyewe kwa mkono. Hizo habari zinapita kwenye kebo mpaka chumba kingine ambako kuna mashine inatoboa kadi. Basi, mwisho wake ni hapo! Kompyuta yenyewe haijaguswa bado, kadi zinakusanywa zinapelekwa kusomwa baadaye. Mtu atacheka lakini hebu fikiria kabla ya hapo ilikuwa karani anapita na karatasi zilizojaa grisi, mwandiko hausomeki, saba inageuka moja, na mshahara wa watu ndo unategemea hayo makaratasi. Na muda haukuandikwa na mfanyakazi, uliwekwa na saa ya mfumo wenyewe, kwa hiyo ile ya kusema nilianza saa mbili kumbe ulianza saa tatu ikafa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ukaja mfumo mwingine wa IBM, 1030, na hapa ndo patamu, maana sasa vituo vinaongea moja kwa moja na kompyuta, kwa mfano ile IBM 1440. Spidi yake ilikuwa kama herufi 60 kwa sekunde, yaani kadi nzima ya safu 80, herufi moja kila safu, inachukua sekunde moja na ushee. Siku hizi picha moja tu ya simu ingekaa kwenye huo waya masaa na masaa, lakini beji na namba ya kazi ni herufi chache tu, zinatosha kabisa.

Sasa swali ambalo vijana hawajiulizi, vituo vingi viko kwenye waya mmoja, vinaongeaje bila kugongana? Jibu ni kwamba kituo hakikuruhusiwa kuanza kuongea. Kompyuta ndiyo inaita, kama mwalimu anayeita rejista asubuhi: wewe una kitu? hamna. Wewe je? ninacho, haya lete. Inazunguka hivyo hivyo siku nzima. Kituo kisichoitwa kinakaa kimya hata kama mtu amesimama pale na kadi, anasubiri zamu yake ifike, na kwa kuwa mzunguko ulikuwa wa haraka mara nyingi haikuwa tabu.

Na kituo chenyewe hakikuwa na memori, vitu hivyo vilikuwa ghali mno enzi zile, sasa habari zinakaa wapi wakati zinasubiri kuitwa? Zinakaa kwenye kadi! Kadi inabaki imeshikwa ndani ya kituo, ikifika zamu yake inasomwa safu kwa safu huku ikitumwa moja kwa moja. Kompyuta ikikuta herufi imeharibika njiani (kila herufi ilibeba alama ya ukaguzi, na mwisho wa ujumbe kuna alama nyingine ya kukagua wote) haikubali, taa inamwambia mfanyakazi rudia. Kadi bado iko pale pale, hajapoteza kitu. Mimi huwa nawavulia kofia hao waliofikiria hivyo, wamegeuza umaskini wa kifaa ukawa usalama.

Kuhusu waya nako kuna stori. Kiwandani kuna mota kubwa, kuna mashine za kuchomelea, zote zinamwaga kelele ya umeme kwenye nyaya za jirani. Ule utaratibu wa kuunganisha vifaa kwa waya, RS-232, uliotoka 1960 unatumia volti, na toleo la 1969 lilitaja kebo ya mita 15 tu hivi, sasa mita 15 kiwandani si hata kutoka mlangoni hujafika stoo. Wengi wakatumia njia ya wazee wa telegrafu, mkondo wa umeme unaozunguka, miliampia 20. Teletype Model 33 ya 1963, mashine ya kuchapa maandishi yanayokuja kwa waya, nayo ilitumia huo, herufi 10 kwa sekunde. Uzuri wake ni kwamba hata pakiwa kimya mkondo unapita, kwa hiyo waya ukikatika mkondo unakufa na mashine inaanza kugonga ovyo tatatata bila kuandika cha maana, kila mtu ukumbini anajua kuna tatizo hata asiye fundi. Waya unaojitangaza wenyewe kwamba umekatika, mnataka nini tena?

Baadaye, kuelekea miaka ya 1970, IBM wakaja na mfumo wa 2790 ambao vituo vimepangwa kwenye mzunguko mmoja unaotoka na kurudi kwa kidhibiti, lakini hiyo ni habari ndefu nyingine.

Kinachonifanya niandike hasa ni hiki. Kuna kiwanda kimoja, jina sitaji, wamefunga tableti kila mashine. Intaneti ikikatika, na mnajua wenyewe hukatika, ile tableti inazungusha kile kiduara, mfanyakazi hajui kama kazi yake imeingia au haijaingia, anabonyeza tena na tena, mwisho wa mwezi ama kahesabiwa mara mbili ama hayupo kabisa kwenye orodha na ugomvi unahamia kwa wahasibu. Hakuna taa ya kumwambia imepokelewa wala ya kumwambia rudia. Hakuna mahali habari zinakaa kusubiri zamu. Hivyo vyote vilikuwepo mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa herufi 60 kwa sekunde!

Wauzaji wa hii mifumo wanakuja na suti na projekta wanaonyesha grafu za rangi rangi, mabosi wanasaini. Ombi langu kwenu Mhariri, mkiandika tena habari za viwanda mtumeni mwandishi amuulize muuzaji maswali mawili tu mbele za watu: netiweki ikifa saa nne asubuhi katikati ya shifti ile data iko wapi, na aliyesimama kwenye mashine anajuaje kwamba imefika. Majibu yake myachapishe kama yalivyo.

Fundi umeme mstaafu,
Morogoro