Chanjo ya mafua: mtoto arudishwe kwa dozi ya pili

Mhariri,

Wazazi wengi wanaowaleta watoto kuchanjwa homa ya mafua huondoka baada ya sindano moja wakidhani wamemaliza. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 8 ambaye hajawahi kupata chanjo hii huhitaji sindano mbili, ya pili ikitolewa wiki 4 au zaidi baada ya ya kwanza. Dozi ya kwanza huuamsha mwili tu; kinga ya kutegemewa huja na ya pili. Tarehe ya kurudi iandikwe kwenye kadi ya kliniki, maana vikaratasi hupotea. Mkichelewa, hakuna kuanza upya, mleteni tu. Akikamilisha hizo mbili, miaka inayofuata moja kwa mwaka yatosha.

Aliye chini ya miezi 6 hachanjwi kabisa. Kinga yake hutoka kwa mama aliyechanjwa akiwa mjamzito, mimba ikiwa ya miezi yoyote, na kwa wale wanaombeba kila siku. Kwa hiyo tukisema familia nzima, tunamhesabu bibi na tunamhesabu dada wa kazi, ambaye ndiye anayeshinda na mtoto kutwa.

Msingoje baridi ya Julai. Shirika la Afya Duniani huchagua aina za virusi vya kuwekwa kwenye chanjo mara mbili kwa mwaka: Februari kwa nchi za kaskazini, Septemba kwa za kusini. Huku kwetu karibu na ikweta mafua huzunguka karibu mwaka mzima, hivyo chukueni toleo jipya lililopo. Someni boksi: la kaskazini huwa na miaka miwili, kwa mfano 2025/2026, na la kusini mwaka mmoja. Kinga hukamilika baada ya kama wiki 2, jambo ambalo wanaokwenda Hija walizingatie kabla ya siku ya safari.

Kinachotusikitisha zaidi ni chanjo inayonunuliwa duka la dawa na kubebwa kwenye mkoba hadi zahanati. Chanjo hii hukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Joto huidhoofisha, na wengine kwa kuogopa joto huilaza juu ya barafu ikaganda. Ikishaganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Ni heri kuchanjiwa palepale inapohifadhiwa. Ikibidi kusafirishwa, iwe ndani ya boksi lake kwenye kibebeo cha chanjo, isigusane na barafu. Mna haki ya kumwomba muuguzi awaonyeshe kipimajoto cha friji na tarehe ya mwisho wa matumizi; muuguzi mzuri hakasiriki.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja huchomwa pajani, mtu mzima begani. Subirini dakika 15 kabla ya kuondoka. Bega kuuma au homa ndogo ya siku moja au mbili ni kawaida. Sindano hii haina virusi hai, kwa hiyo haiwezi kumtia mtu mafua. Anayeugua wiki hiyohiyo huenda alikuwa ameshaambukizwa, au amepata virusi vingine vya kikohozi ambavyo chanjo hii haivizuii. Aliyewahi kupata mzio mkali baada ya chanjo ya mafua aseme kabla ya kuchomwa. Mwenye homa kali angoje ipoe.

Chanjo hii haimo kwenye ratiba ya kawaida ya chanjo za bure za watoto, na kwa nyumba ya watu sita gharama ni mzigo. Pesa zisipotosha, anzeni na mjamzito, mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, wazee, na wenye kisukari, pumu, VVU, maradhi ya moyo au figo. Wengine wafuate mkipata. Lakini dozi ya mtu mzima ya mililita 0.5 isigawanywe kwa watu wawili. Wote wawili watabaki bila kinga ya kutosha.

Wauguzi wa kliniki ya chanjo,
Mombasa