Barua kwa mwanangu: kabla hujamwacha nahodha wako

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema umechoka na nahodha wako, kwamba katika mashindano ya mwisho ya mashua za matanga mlipinduka mara mbili mkizunguka boya, na kwamba yupo nahodha mwingine aliye tayari kukuchukua msimu ujao. Kabla hujampa jibu huyo wa pili, naomba unisikilize, kwa kuwa mimi mwenyewe nilining'inia nje ya mashua kwenye waya wa mlingoti, ili isilale ubavu, kwa miaka kumi na mmoja, na kosa kubwa kuliko yote niliyoyafanya katika mchezo huu nililifanya nikiwa nchi kavu.

Mashua yenu, ile ya watu wawili iitwayo 470, ilibuniwa na Mfaransa André Cornu mwaka 1963, na jina lake limetokana na urefu wake wa sentimita 470. Uzito wake ni kilo 120 tu, yaani wewe na nahodha wako mkipimwa pamoja huenda mkaizidi, na ndiyo sababu haiwavumilii watu wawili wasioelewana. Mnapopiga bishi, yaani kuigeuza mashua mkienda dhidi ya upepo, wewe unatakiwa uingie ndani, ujifungue kwenye waya, uinamie chini ya tanga, uvuke, ulikaze tanga la mbele upande wa pili, kisha utoke tena juu ya maji, na nahodha akigeuza mapema hata kidogo kabla hujajifungua, mashua inasimama na wenzenu wanapita. Yeye macho yake yako kwenye tanga na mkono wake unausikiliza usukani. Wewe ndiwe unayeyaona maji yanayokuwa meusi mbele kwa upepo unaokuja, nawe ndiwe unayemwambia.

Sasa tazama ulivyonieleza. Mara zote mbili mlipinduka upepo ukitoka nyuma, spinaka, lile tanga jepesi la mbele linalotuna kwa upepo wa nyuma, ikiwa juu, wakati tanga kubwa linahama upande. Hapo wewe unahangaika na mti unaoishikilia spinaka nje, ukiwa umesimama, naye peke yake ndiye anayeisawazisha mashua. Nani kati yenu alikuwa akihesabu kwa sauti? Katika barua yote hukutaja sauti ya mtu yeyote, nami naogopa kwamba mlikuwa kimya.

Nahodha wangu wa kwanza nilimwacha kwa ujumbe wa mistari mitatu baada ya mashindano mabaya, nikahamia kwa mwingine aliyekuwa na sifa zaidi. Huyo mpya alikuwa hodari kweli, lakini ilituchukua karibu misimu miwili kujifunza upya mambo ambayo mimi na yule wa kwanza tulikuwa tukiyafanya bila kutazamana. Hadi leo najutia ile mistari mitatu, kwa sababu aliniuliza alikosea wapi, nami sikuwa na jibu.

Sikuambii kwamba kuachana ni haramu. Malcolm Page wa Australia, mtu wa waya kama wewe, alishinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 2008 akiwa na Nathan Wilmot, na mwaka 2012 akashinda tena akiwa na Mathew Belcher. Lara Vadlau na Jolanta Ogar waliiwakilisha Austria pamoja Rio mwaka 2016, wakarudi bila medali na kila mmoja akashika njia yake. Ogar akapata fedha kwa Poland katika Michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, na Vadlau akapata dhahabu mwaka 2024 akiwa na Lukas Mähr, katika Olimpiki ya kwanza ambayo mashua ya 470 ilishindaniwa na mwanamke na mwanamume pamoja. Lakini wapo pia Hannah Mills na Saskia Clark wa Uingereza, walioikosa dhahabu mwaka 2012, wakachukua fedha, wakabaki pamoja miaka minne mingine na kushinda mwaka 2016. Hao ndio ninaowafikiria zaidi ninapokufikiria wewe.

Kumbuka pia namna alama zinavyohesabiwa: katika kila mbio wa kwanza hupata alama 1, wa pili 2, mwenye jumla ndogo ndiye mshindi, na matokeo ya mbio zenu mbaya kuliko zote hufutwa. Kupinduka mara moja kungefutika. Ni ile mara ya pili, iliyofanana na ya kwanza, ndiyo iliyowashusha, na hiyo inaweza kurekebishwa.

Kama bado utaamua kuondoka, mwambie ana kwa ana, naye asisikie kwanza kwa watu. Mashua mliinunua pamoja, basi andikeni nani atabaki nayo na nani atalipwa nini kwa matanga, kwa kuwa urafiki mwingi wa baharini nimeuona ukivunjikia hapo.

Kabla ya hayo, nina ombi moja. Siku isiyo na upepo, iwekeni mashua nchi kavu, kila mmoja akae mahali pake, mrudie ule mgeuko mara ishirini kwa mwendo wa pole, wewe ukihesabu kwa sauti naye akijibu. Kisha badilishaneni: wewe ushike usukani, yeye ashike mti wa spinaka. Ukishakaa mahali pake, niandikie umeona nini.

Wako akupendaye,
Mama